Aliye Nyuma Ana Neno Moja

Port Said
12 Agosti 1994

Kaka yangu Wagdi,

Salamu nyingi kutoka duka la baba yetu, Usta Abdel-Ghaffar, fundi redio wa Port Said nzima kama anavyojitangaza mwenyewe. Hujambo huko Kuwait? Bado una nyama mwilini, au lile joto na lile tanuri la mikate vimekuachia mifupa mitupu? Sisi tu wazima. Kikohozi cha Baba kipo palepale na sigara zake zipo palepale, kimoja kinamtunza mwenzake.

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo ukilicheka sitakusamehe. Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima, na si kule kukatika kwa kufumba na kufumbua. Ulikatika tangu adhuhuri mpaka samaki wa watu wakaanza kunuka kwenye mafriji. Uliporudi, ile mashine yetu ya gemu ya Zimamoto hapa dukani ikawaka, ikapiga wimbo wake, ikaonyesha orodha ya washindi. Jina lako halikuwepo. Zile herufi zako tatu zilizokaa juu tangu ulipoondoka zimefutika, na mahali pake wamejaa wale washindi waliowekwa na kiwanda, ambao hawajazaliwa na mama yeyote.

Mimi nikaona ni jambo dogo. Nikamwambia Baba, "Afadhali mashine haikuungua." Alikuwa amesimama mbele ya mashine na kitambaa mkononi, na uso wake ulikuwa kama siku ile tuliyomzika Mama.

Ndipo nikaunganisha mambo. Kwa nini kila asubuhi kioo cha ile mashine afute yeye, asimwachie mtu. Kwa nini plagi ameizungushia utepe mweusi na kuandika juu yake, "Mkono wako usifike hapa." Kwa nini akitaka kutia lehemu anaomba umeme kwa Usta Zaghlul kinyozi na kupitisha waya dirishani, eti asiilemee mashine. Tangu siku ile ulipomwambia hutaki kuzeeka ukinuka lehemu, naye akakuonyesha mlango, jina lako halijatoka mdomoni mwake hata mara moja. Sanasana akikutaja anasema "yule". Kumbe jina lako alikuwa analisoma kila siku, Kaka.

Sasa kile kioo hakifuti tena. Vumbi limekaa na yeye anakaa nalo.

Nataka kulirudisha jina lako pale juu. Najua sijawahi kushika kile kijiti cha kuchezea. Enzi zako kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kufukuzwa. Lakini mwakani nakwenda Mansoura kwenye mafunzo ya uuguzi, na sitaki kumwacha Baba peke yake na kioo chenye vumbi. Nifundishe.

Mdogo wako,
Nashwa


Farwaniya, Kuwait
3 Septemba 1994

Mdogo wangu Nashwa,

Salamu zako zimefika na mifupa yangu inakushukuru. Mimi mzima. Tanuri linawashwa kabla ya alfajiri, na mchana tunalala watu sita chumba kimoja chini ya pangaboi linalokoroma kuliko sisi. Hofu yangu ni juu yenu tu.

Nilicheka, nisamehe. Nilicheka mpaka Shehata, mwenzangu wa tanurini, akauliza kuna nini. Halafu nikafika pale penye kitambaa na uso wa Baba, nikaenda kuoga, nikakaa bafuni mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Sikujua. Mimi nilidhani siku niliyotoka pale aliifunika mashine kwa shuka na kuishukuru dunia. Barua yako imenirudisha dukani kama mtu aliyeshikwa sikio. Nimeikumbuka harufu ya lehemu na mnanaa, na ile honi ya meli ikiingia mferejini mpaka kioo cha mashine kinatetemeka, na sisi tunasubiri itulie ndipo tuendelee. Nimekumbuka hata lile benchi la Baba lililokuwa nyuma yetu, naye ameinamia matumbo ya redio hatutazami.

Sawa, nitakufundisha. Unaikumbuka sheria ya duka? Aliye nyuma ana neno moja. Baba aliiweka kwa sababu tulikuwa tunapiga kelele na yeye hasikii redio anayoitengeneza. Ukifa mchezoni, yule aliyeweka sarafu yake juu ya mashine kungoja zamu ndiye pekee mwenye ruhusa ya kukwambia kosa lako. Kosa moja tu. Akisema mawili, zamu imempita. Mtu mwingine yeyote afunge mdomo. Tulidhani ni adhabu, kumbe ndiyo iliyotufundisha, maana mkono wa mtu haubebi makosa manne kwa mpigo. Unabeba moja, unalitua, ndipo unarudi kuchukua jingine.

Basi mimi ndiye niliye nyuma yako, ingawa kati ya mgongo wako na mdomo wangu ipo posta nzima. Kazi yako ya kwanza ni hii: usizime moto wowote. Kitufe cha maji usikiguse kabisa. Panda tu lile jengo linaloungua. Usitafute alama, usimwokoe mtu, wakilia dirishani waache walie. Ukifika ghorofa ya tatu mzima, niandikie. Ukifa, niambie umefia wapi.

Kaka yako,
Wagdi


Port Said
1 Oktoba 1994

Kaka Wagdi,

Natumaini barua hii itakukuta salama na umeoga bila kugongewa mlango. Sisi wazima. Usta Zaghlul anakusalimu na anasema tangu uondoke hajaona kichwa kibaya cha kunyoa kama chako.

Nimekufa, Kaka. Nimekufa ngazi ya kwanza, nimekufa ngazi ya kwanza tena, kisha nikafa kabla ya ngazi ya kwanza, jambo ambalo watoto wa mtaa wanasema halijawahi kutokea. Walikuja kunitazama kama mtu anayetazama harusi. Mmoja akaniambia, "Abla Nashwa, dada yetu, huyo anazima moto au anaulisha?" Nikamwambia hana sarafu juu ya mashine, kwa hiyo hana neno. Alinyamaza. Sheria ya Baba bado ina meno.

Ila ulisema kweli kuhusu maji. Siku za mwanzo kidole kilikuwa kinaniwasha kwa hamu ya kukibonyeza kile kitufe. Nilipozoea kukiacha, miguu ya yule mzimamoto ikawa yangu. Nikajua anaruka umbali gani, anachelewa kiasi gani kugeuka. Jana nimefika ghorofa ya tatu. Hapo chungu cha maua kikaniangukia kutoka kwenye roshani. Kila nikifika, ni chungu kilekile cha maua.

Nimeona kiti cha Baba kimesogea. Zamani alikuwa ameelekea dirishani, sasa ameelekea upande wangu na redio iko magotini.

Nangoja neno lako.

Mdogo wako,
Nashwa


Farwaniya, Kuwait
24 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Usta Zaghlul na ulimi wake, na kwa Baba kama ukiona panafaa. Mimi mzima, joto limeanza kupungua na sasa tunalala bila kuloana.

Ghorofa ya tatu bila maji, wengine iliwachukua kiangazi kizima. Nimefurahi sana. Shehata naye amefurahi, ingawa hajui anafurahia nini.

Neno langu ni hili. Umeniambia umefia wapi, hujaniambia macho yako yalikuwa wapi. Naapa kwamba unamtazama yule mzimamoto. Usimtazame. Wewe ndiye unayemwendesha, unajua alipo. Tazama roshani mbili juu yake, chungu utakiona kabla hakijaamua kuanguka.

Ukishakizoea, ndipo uguse maji. Moto mmoja kwa kila ghorofa, usizidishe. Tutakwenda hivyo hivyo, chovya chovya, buyu la asali litaisha. Nitakufikisha mpaka kwa yule bibi wa ghorofa ya juu mwenye kasuku ambaye hakubali kushuka. Baada yake kuna ngazi ya chuma inayovuka kwenda jengo la pili, na hapo nitakuwa sina la kukwambia. Pale nilikuwa nafia hata siku zangu nzuri. Hata siku ile niliyoweka jina juu nilifia palepale, ila alama zilikuwa zimetosha. Sikuwahi kujua nakosea nini. Waliokuwa wanangoja zamu nao hawakujua.

Kaka yako,
Wagdi


Port Said
14 Novemba 1994

Kaka Wagdi,

Salamu, na afya, na mengine yote jijazie mwenyewe maana nina haraka ya kukupa habari.

Kabla barua yako haijafika, nilikuwa nacheza asubuhi, dukani hakuna mtu. Chungu kikanishukia kama kawaida. Nikasikia sauti nyuma: "Unamtazama mtu wako. Mtu wako humjui alipo? Tazama juu."

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama, na juu ya mashine, Kaka, aliweka sarafu. Yake mwenyewe, kutoka mfukoni. Nikampisha acheze zamu yake. Akasema mgongo unamuuma, akarudi kwenye redio.

Siku ya pili ndipo posta akaleta barua yako, na ndani yake neno lilelile. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akapuliza moshi, akasema, "Yule alikuwa ana macho mazuri." Halafu akaniuliza kama bado kuna chai.

Sasa kila siku anaweka sarafu, ananipa neno, hachezi. Jana nimefia kwa bibi mwenye kasuku. Baba akaniambia, "Umekufa kama kuku aliyevuka barabara kwenda kununua chumvi." Nikamwambia hilo si kosa, hilo ni tusi. Akasema basi hilo ndilo neno lake la leo. Kaka, nimemsikia akicheka dukani.

Nipe kazi ya ghorofa za juu. Na ukipenda, mwandikie yeye mistari miwili.

Mdogo wako,
Nashwa


Port Said
19 Januari 1995

Kaka Wagdi,

Salamu zangu zinakuja bila kujibiwa, basi zikupate popote ulipo. Nimekuandikia Desemba, nimekuandikia tena mwaka ulipogeuka. Hujambo kweli? Mtoto wa jirani yetu Umm Fekri aliyerudi kutoka huko anasema alikuona mzima sokoni ukinunua vitunguu. Kama unaweza kununua vitunguu unaweza kununua stempu.

Huku kumekuwa na ukungu, meli zimepanga foleni nje na mji umelala. Umeme umekatika tena. Nilikuwa nimepanda mpaka nafasi ya tatu, jina langu likiwa linakaribia mahali pa lako la zamani, na limefutika. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Baba akaniacha nimalize. Kisha akaniambia, "Jina limefutika. Mkono je, umefutika?" Akawasha mashine, akaniamuru nipande. Nikafika mpaka kwa bibi mwenye kasuku kwa safari ya kwanza. Akasema, "Basi."

Anauliza kuhusu wewe, ila kwa njia zake. Asubuhi anauliza, "Posta amepita?" Adhuhuri anauliza kama posta siku hizi anapita saa ileile. Kama umekasirika, nikasirikie mimi nijue. Usininyamazie.

Mdogo wako,
Nashwa


Farwaniya, Kuwait
14 Februari 1995

Mdogo wangu Nashwa,

Ramadhani njema kwako na kwa Baba. Mimi mzima wa mwili. Vitunguu ni kweli.

Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimeumia. Nitakwambia wazi ili nilitue jambo hili. Barua yako ya Novemba niliisoma nikafurahi, kisha usiku ikaanza kunitafuna. Baba ameweka sarafu kwa ajili yako. Amekupa neno, na kila siku anakupa jingine. Mimi nilisimama mbele ya ile mashine tangu sauti haijavunjika mpaka nikaota ndevu, naye yuko hatua chache nyuma yangu, na hakuniambia hata moja. Nilikuwa nikimaliza mchezo mzuri nageuka kumtazama. Nilimkuta ameinamia redio kila mara. Nashwa, ule ugomvi wa lehemu ulikuwa wa siku moja. Hili lilikuwa la miaka yote, na ndilo lililonitoa mlangoni.

Nilidhani hajui chochote kuhusu gemu. Mtu asiyejua unamsamehe. Sasa naambiwa anajua, na alikuwa anajua.

Sitaki kukuharibia mlichonacho. Lakini muulize, kwa kuwa mimi siwezi. Muulize aliona nini miaka yote ile, na kwa nini alinyamaza.

Kazi yako ya ghorofa za juu: kwa bibi mwenye kasuku usimkimbilie. Simama chini yake, ngoja aseme hapana mara mbili, ya tatu atashuka.

Kaka yako,
Wagdi


Port Said
8 Machi 1995

Kaka yangu,

Eid imepita na sisi wazima. Katika kifurushi hiki kuna kahk, zile biskuti za Eid, nilizooka mwenyewe. Zilizovunjika zimevunjwa na posta, zilizoungua nimeziunguza mimi.

Barua yako nilikaa nayo mpaka siku ya tatu ya Eid. Baba alikuwa amevaa kanzu mpya na amekunywa chai yake, nikaona sasa ndiyo saa yenyewe. Nilimsomea yote. Nilifikiri niruke pale penye ndevu, nikajikaza, nikasoma.

Alizungusha kikombe kitupu mpaka nikajuta. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema, wala sijaongeza sukari:

"Mimi sikuwa na sarafu juu ya mashine. Sheria niliiweka mimi, ningeivunja vipi mbele ya watoto wa watu? Na fundi mzima nipange foleni na watoto, mwanangu anitazame? Nikasema ataniuliza mwenyewe. Nilikuwa namsubiri aniulize. Naye alikuwa ananisubiri mimi. Tukasubiriana mpaka akapanda gari."

Nikamuuliza, "Na uliona nini, Baba?"

Akasema, "Mkono wake nilikuwa siuoni. Nilikuwa naona mgongo. Mwambie yule, kila akifika ngazi ya chuma anabana pumzi. Mabega yanapanda, mgongo unakuwa ubao, halafu anakufa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie apumue."

Kisha akainuka kwenda kuswali. Akiwa mlangoni akageuka. "Na alipokuwa anageuka kunitazama, nilikuwa nimeshamtazama. Nilikuwa nainama asinione nafurahi. Hilo mwambie pia, au usimwambie, utajua mwenyewe."

Nimekwambia.

Mdogo wako,
Nashwa


Farwaniya, Kuwait
2 Aprili 1995

Nashwa,

Salamu kwako na kwa Baba. Kwa Baba, panafaa au hapafai.

Kahk zimeliwa, hata zilizoungua. Shehata ameomba anwani ya mpishi, nimemnyima.

Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya tanuri. Nikaiweka mfukoni, nikashika ule upawa mrefu wa kusukumia mikate, nikausukuma ndani kwenye moto. Nikajikuta nimebana pumzi. Mabega yamefika masikioni. Ndiyo maana mgongo wangu unaniuma kila jioni na mimi nalaumu godoro. Nikasimama pale nikacheka, halafu machozi yakanitoka, na nikasingizia unga.

Miaka yote ile nilidhani nyuma yangu kuna ukuta.

Sina neno jingine la kukupa. Alilosema Baba ndilo. Ukifika ngazi ya chuma, pumua, uvuke, uandike jina.

Kaka yako,
Wagdi


Port Said
17 Juni 1995

Kaka yangu mpendwa Wagdi,

Salamu kutoka duka lenye furaha, hata redio mbovu leo zinaimba. Afya zetu nzuri, na yako iwe hivyo.

Nimevuka.

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Watoto walikuwa baharini kwa joto, dukani tulikuwa mimi na Baba, na Usta Zaghlul aliyechungulia na mkasi mkononi huku mteja wake akimngoja amenyolewa upande mmoja. Bibi mwenye kasuku akasema hapana, akasema hapana, akashuka. Ngazi ya chuma ikatokea. Nikahisi mabega yangu yanapanda, kumbe na mimi ni wa ukoo. Nikapumua kwa sauti, kama mtu anayepoza chai. Nyuma yangu nikasikia Baba naye anapumua. Tukavuka hivyo, yeye akivuta pumzi na mimi nikivuta, mpaka jengo la pili, ambalo Kaka hujawahi kuliona. Juu ya paa lake kuna kamba za nguo, na nguo zinapepea. Hakuna zaidi ya hapo. Nilicheka, nikafa kwa moto mdogo kabisa.

Alama zilipita zako. Baba anazikumbuka zako kama namba ya kitambulisho chake, akasema, "Zimepita." Mashine ikaniomba jina.

Nikaanza na W. Hii ndiyo kazi niliyojipa tangu Agosti, unajua. Baba akaweka kidole chake juu ya kijiti, akanizuia.

Akasema, "Hapana. Weka lako, umelifanyia kazi. Lake aje aliweke mwenyewe."

Nikamtazama. Nikamuuliza niandike hivyo kwenye barua? Akasema, "Unadhani naongea na mashine?"

Basi jina lililo juu ni langu, Kaka, na sikuomba. Baba amechukua kitambaa, amefuta kioo chote, pembe hadi pembe. Mimi nakwenda Mansoura mwezi wa tisa. Ufunguo wa duka uko palepale juu ya mlango.

Mdogo wako,
Nashwa


Port Said
20 Oktoba 1995

Mdogo wangu Nashwa,

Hujambo huko Mansoura? Hao wagonjwa wanakusikiliza, au unawafukuza wakalete chai? Sisi huku tu wazima. Ndiyo, sisi.

Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Juni. Mwajiri alikuwa na pasipoti yangu na mkataba ulikuwa haujaisha, na sikutaka kuahidi nikashindwa. Nimefika Alhamisi ya wiki iliyopita. Likizo yangu ni fupi, lakini Baba tayari amenikabidhi redio ya mteja niitengeneze, na amesema kwa jinsi anavyoiona haitamalizika mwaka huu wala ujao. Nanuka lehemu tangu juzi. Si harufu mbaya kama nilivyokuwa nasema.

Nikwambie nilivyoingia. Nilikuta mlango wazi na yeye ameinamia kazi. Nikasema salamu aleikum, akajibu, hakuinua kichwa, akasema, "Mashine ile pale." Hakuna kukumbatiana wala nini. Nikaweka begi chini, nikatia sarafu. Jina lako lilikuwa juu, linanitazama.

Mikono imekuwa mizito, Nashwa, ni mikono ya mikate sasa. Chungu cha maua kilinipiga kama mgeni. Lakini nilipanda. Nilikuwa nasikia kiti kinavutwa, kisha hatua, kisha sarafu ikilia juu ya mashine, karibu na mkono wangu. Sikugeuka. Nilifika ngazi ya chuma nikajua yuko pale, na badala ya kupumua nikabana pumzi kuliko siku zote za maisha yangu. Nikafa.

Nikangoja neno lake. Nilikuwa nalijua, sote tunalijua, nimevuka bahari nalo.

Akasema, "Umekonda."

Akaweka mkono kwenye mgongo wangu, hapo katikati ya mabega, akauacha. Alikuwa na mengine, niliyasikia yakimpanda kooni, lakini sheria ni sheria na neno lake lilikuwa limekwisha. Akaenda kuchemsha chai.

Kwa hiyo jina lako bado liko juu. Nimejaribu kila siku na nafia palepale. Wewe ndiye uliyeona nguo zikipepea kwenye paa la pili, mimi bado. Nipe kazi ya wiki hii, ndogo, moja tu.

Kaka yako,
Wagdi

N.B. Plagi hatujaigusa. Kioo anafuta yeye asubuhi, mimi jioni.